Herufi za Kijani za Mama Kijani

Pale kwenye duka la uchapaji hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Kijani, na jina hilo alilipata kwa kuisifia mno kompyuta yake ya kwanza, ile ya kioo cheusi na herufi za kijani, ambayo kwake yeye hakuna iliyokuja baadaye ikaifikia.

Baadaye ilikuja ya chogo, yenye rangi zote, nzito ya kubebwa na wanaume wawili wakigombana mlangoni. Ilipata joto mpaka paka wa duka akahamia juu yake. Picha ikianza kucheza, Mama Kijani aliizaba kofi la ubavuni, ikashika adabu. Kisha ikaja hii bapa, nyembamba kama sinia, na mezani pakapatikana nafasi ya chupa ya chai. Aliifurahia, asisingiziwe. Lakini mwaka huu weupe wake ukaanza kuzimeza herufi. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, bado mchanga, muda wa kupasuliwa haujafika, na mwanga mkali ndio unaomsumbua. Mama Kijani akajitia hamnazo. Mwenye duka ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na Mama Kijani alijua akifungua mdomo tu atahamishiwa meza ya nyuma kupiga karatasi stepla. Kwa mtu aliyechapa tangu usichana wake, hiyo ni sawa na kuambiwa aende nyumbani.

Asubuhi moja alikuwa akichapa kadi ya harusi, herufi zikayeyuka. Mkono, kwa mazoea, ukaenda wenyewe ukaizaba skrini kofi. Ikaanguka kifudifudi, pembe ikapasuka.

"Shemeji, hii haina chogo la kuzabwa," mwenye duka alisema, akijikaza asicheke. Akaleta nyingine, akaichomeka. "Haya, soma."

Mama Kijani akakodoa macho. "Na hii mbovu."

Kicheko kikamkauka shemeji. "Hii nimeitoa mezani kwangu sasa hivi."

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Mama Kijani akamweleza yote, mpaka maneno ya daktari.

"Si ungeniambia? Basi pumzisha macho. Kule nyuma kuna kazi ya stepla."

Mama Kijani alitaka kulia, na aliona aibu kulia mbele ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemkorogea uji utotoni. Akapiga moyo konde.

"Ile ya kwanza haikuniumiza, ilikuwa giza. Niondolee huu weupe kwanza, ndipo unipeleke nyuma."

Shemeji akabofya huku na kule. Ukurasa ukawa mweusi, herufi nyeupe.

"Kijani," akasema Mama Kijani.

"Shemeji, nawe."

"Kijani."

Shemeji akaweka kijani, akazikuza herufi kidogo. Mama Kijani akavuta kiti. Akasogeza uso karibu na kioo, na shemeji akaanza kujuta kumpa matumaini.

"Familia zote mbili zina furaha kukualika katika harusi harusi," akasoma polepole. "Hapa nimeandika harusi mara mbili." Akaifuta moja. Vidole vilikuwa vimeshashika njia yao.

Shemeji alisimama nyuma yake mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaiokota ile skrini iliyopasuka, akaitia kwapani.

"Kesho usichelewe," akasema. "Kuna mitihani ya shule nzima ya kuchapwa."