Herufi za Nta

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima wa kijiji cha ujamaa, kando ya njia ya zamani ya misafara, alinukia asali. Kila alasiri alifinyanga nta kwa viganja, akabandika herufi ubaoni, nyuki wakimzengea taratibu. Akisoma kitabu, mkono mmoja haukutoka mfukoni.

"Niache tu, Mwalimu," alisema Apolinaria, mama wa makamo. "Herufi zinanichezea ngoma machoni."

"Fumba macho, mama. Papasa."

Apolinaria akapapasa nta ile kama anayeota. "A... sa... li. Asali!"

Akafumbua macho. Mwalimu alikuwa ametoa mkono mfukoni ampigie makofi, na donge la nta likadondoka, limejaa herufi zilizochorwa kwa ukucha.

"Hata mimi zinanichezea, mama," alinong'ona. "Mpaka leo."