Fatiha Haina Sahihi

Fundi Shehata, mchonga viti wa mji wa Dimyat, hakuwahi kuwa na breki kwenye ulimi, na siku ile nje ya mahakama ulimi ulimfunguka kwelikweli.

"Maandishi gani tena? Mtaa mzima ulisikia!"

Mtaa ulisikia, ni kweli. Yeye na mshirika wake Rifaat walipoanza kugombania karakana, kila mmoja akidai ni yake, walikwenda kwa Haji Metwalli, muuza mbao. Wakakubaliana awe msuluhishi wao, na atakaloamua liwe la mwisho. Wakafungua viganja, wakasoma Fatiha kuyafunga makubaliano, chai na vitamu vya mshabak vikapita. Nashwa, mpwa wake Shehata, ambaye ni mwanasheria, akatoa kalamu ili waandike na kutia sahihi. Aliyemkemea alikuwa Shehata mwenyewe.

"Rudisha mkobani hiyo! Watu wameshasoma Fatiha, wewe unataka sahihi? Unatutia aibu, binti."

Kalamu ikarudi mkobani. Haji akaamua karakana ni ya Shehata. Rifaat akakimbilia mahakamani, na leo uamuzi wote umefutwa. Sheria inataka makubaliano ya kupeleka ugomvi kwa msuluhishi yawe ya maandishi. Yasipoandikwa ni batili, hata yakisikiwa na mji mzima.

"Tunaanza upya, mjomba," alisema Nashwa. "Kesi ya kawaida. Itachukua miaka."

"Na karakana?"

"Itabaki imefungwa mpaka hukumu."

"Miaka! Hii mikono imeanza kutetemeka, Nashwa. Nani ataiambia ingoje?"

Nashwa aliishika mikono hiyo taratibu. Angeweza kusema nilikwambia, na Shehata aliona afadhali angesema, kuliko ule upole wake. Sheria ilimuudhi, hakimu alimuudhi, lakini aliyemuudhi kupita wote ni yule mzee mjuaji aliyeikemea kalamu.

Rifaat akatokea mlangoni. Shehata akamkinga njia. Tangu asubuhi alikuwa na neno moja mdomoni la kumwita Rifaat, mwongo, na alitaka mtaa wote ulisikie.

"Rifaat! Mbele ya Mungu, hukusoma Fatiha wewe?"

"Nilisoma, fundi," Rifaat alijibu, bila hata kuinamisha macho. "Na mle ndani nimesema nilisoma. Wao wameniuliza kama niliandika."

Shehata akampisha njia. Neno lake lilikuwa tayari, na hakuwa na wa kumwita.