Kiongozi Ameanguka, Nani Anafuata?

Sajenti Vestina alipostaafu jeshi, watu wa Kibeta, mtaa wake kule Bukoba, walidhani atatulia. Alikuwa na kibanja chake cha migomba nyuma ya nyumba, kwaya ya kina mama usharikani, na magoti yaliyoanza kulalamika kila akipanda kilima. Hawakumjua. Mimi mwenyewe sikumjua mpaka siku nilipolala kando yake kwenye majani yenye umande, sote tukijifanya maiti, na hadi leo sijaamua kama nimemsamehe.

Naitwa Mwijage. Ni mpimaji wa kahawa katika chama cha wakulima hapa Nshamba, na mwaka juzi nilijiunga na mafunzo ya mgambo pamoja na wenzangu thelathini na tisa. Wengi walitaka cheti ili wapate kazi ya ulinzi. Mimi nilitaka kupunguza tumbo, na sioni aibu kusema. Kati ya wakufunzi wetu mmoja alikuwa mama huyu mfupi mwenye mvi, aliyeombwa arudi kusaidia kwa sababu ya uzoefu wake. Nilipomwona siku ya kwanza nilicheka moyoni. Nilidhani ametumwa kupika uji.

Kila asubuhi alitoa jina la kiongozi wa siku kutoka kwenye kofia. Wiki ya kwanza likatoka langu, nikavimba kichwa papo hapo. Tulikuwa tunavusha magunia ya mchanga kwenye mto, nami natoa amri kwa sauti ambayo nimekuwa nayo tangu shule ya msingi, mara Sajenti akapuliza filimbi.

"Mwijage ameanguka. Amekufa. Nani anafuata?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote magunia yanakwenda wapi, maana niliona utamu wa kujua peke yangu. Wenzangu wakasimama ndani ya maji mpaka magotini, wakitazamana, dakika kumi nzima. Mama yule alikuwa anatazama saa yake tu.

"Umekufa na siri yako," akaniambia mbele ya watu wote, "na wenzako umewaacha majini. Kiongozi wa namna hiyo ni mzigo kuliko hayo magunia."

Nilikasirika, nikakaa siku mbili simsalimii vizuri. Sisi Wahaya mtu akipewa hata uenyekiti wa kamati ya harusi anakivaa hicho cheo mpaka kanisani, na huyu mama alikuwa anatuvua vyeo kila baada ya nusu saa. Zamu ya Philbert, fundi seremala, ilifika. Akaanguka kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Lilian, muuza duka, akaanguka. Kokuberwa, binti mkimya kutoka familia ya wakulima wa migomba, aliongoza mara tatu na mara tatu alishindwa kutoa sauti. Mara ya tatu alilia. Sajenti akamwambia, "Lia ukimaliza kazi," akaendelea na somo. Nilimwona ni mtu mwenye roho ngumu, nikasema hivyo kwa sauti, naye akasikia.

Mchana ule, tukiwa tumekaa kivulini tunakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akatuambia kwa nini.

Lilipopiga lile tetemeko la mwaka 2016, alikuwa amestaafu tayari na akiongoza kikundi cha uokoaji cha mtaa mmoja wa Rwamishenye, mjini Bukoba. Watu kumi na wawili, aliowafundisha mwenyewe. Walikuwa na stoo ya vifaa: makoleo, sululu, machela. Ufunguo alikaa nao yeye, asije mtu akachezea vitu. Jumamosi ile alikuwa huku Nshamba kwenye harusi ya mpwa wake. Ardhi ilipotikisika alipanda pikipiki ya kukodi akaenda mbio, lakini Bukoba si hapo mlangoni, na simu zilikuwa hazishiki. Alipofika aliwakuta vijana wake wote kumi na wawili wamesimama mbele ya stoo iliyofungwa kwa kufuli ndogo, ambayo mtu angeivunja kwa jiwe moja. Hatua thelathini kutoka pale, majirani walikuwa wanafukua ukuta ulioanguka kwa mikono, wakimtafuta mzee mmoja wa mtaa, Mushumbusi.

"Nikawauliza, mbona hamkuvunja? Wakaniambia, Afande, ulisema asiguse mtu bila amri yako." Akasogeza sahani yake kando. "Walinitii. Walinitii mpaka mzee wa watu akafa. Msiniambie mimi kuhusu ugumu wa roho."

Hakuna aliyemaliza chakula. Kuanzia siku ile nikiongoza nilisema kila kitu kwa kila mtu, hata kwa wapishi: tunakwenda wapi, kwa nini, na nikianguka mfanye nini. Niligundua pia, kwa uchungu kidogo, kwamba kikosi kilikwenda vizuri zaidi hivyo.

Ndipo akaja Kapteni Nathanael kutukagua. Alikuwa mtu wa haki, nisimsingizie, tena Mhaya mwenzetu, ila alisomea mbali na viatu vyake vilikuwa vinang'aa kupita kiasi kwa barabara zetu. Aliona Sajenti akiwaangusha viongozi watatu kwa saa moja, akakunja uso, akamwita pembeni. Pembeni yenyewe ilikuwa hatua tano, kwa hiyo tulisikia yote.

"Jeshi linasimama kwa amri, Sajenti. Ukimzoesha kuruta kubadilisha viongozi kama mashati, kesho hatamtii hata aliye hai."

"Siwafundishi kukataa amri, Afande. Nawafundisha amri isife pamoja na mtu."

"Hilo halimo kwenye mtaala."

"Na tetemeko halimo."

Kapteni akasema zoezi la mwisho litafanyika Jumamosi, nalo litakuwa la maafa: wanakijiji kumi wa kujifanya majeruhi watawekwa juu ya rweya, ile nyika ya majani iliyo juu ya Nshamba, na washushwe barabarani kabla ya saa mbili asubuhi. Atawaangusha viongozi yeye mwenyewe, kwa namna anayotaka. Kikosi kikishindwa, Sajenti atarudi Kibeta na mafunzo yataanza upya kwa utaratibu wa kawaida.

"Na wakifaulu?"

"Utaendelea kufundisha mwakani, kwa namna yako."

"Iandike, Afande," Sajenti akasema. "Mimi mtu mzima, nasahau."

Kapteni akaandika. Mkono ulikuwa mzito, lakini aliandika, akatia sahihi, naye mama akakunja karatasi ile akaitia mfukoni bila kupepesa macho. Tulitaka kupiga makofi tukaogopa.

Sasa nitasema kosa letu, maana nimeapa kusema ukweli. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha Alhamisi na Ijumaa, na kila mtu wa Nshamba, hata mtoto wa chekechea, alijua kwamba Jumamosi alfajiri senene, wale panzi wetu watamu wa kukaanga, watakuwa wamelala kwenye rweya, wamekufa ganzi kwa baridi, unawaokota tu. Kapteni alikuwa amesahau mambo hayo. Sisi arobaini tulijua, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Kila mmoja alishaficha kamfuko ka kitambaa mfukoni.

Zoezi likaanza saa kumi na mbili na nusu. Jina langu ndilo lililotoka kwenye kofia. Nikawapanga watu, nikawaeleza yote, na tulipofika juu tu Kapteni akaninyooshea kidole: "Umekufa." Nikachagua pa kulala, na sitaficha kwamba nilichagua penye senene wengi. Akamwangusha Philbert. Akamwangusha Lilian. Akasema machela zetu zote nne zimesombwa na mto, akaziweka nyuma yake. Sajenti akafungua mdomo kusema neno.

"Na wewe, Sajenti, umeanguka," Kapteni akasema. "Maiti hazisemi."

Akalala kando yangu, polepole kwa ajili ya magoti, na koti lake zito la kijeshi limebana mpaka shingoni. Sisi wengine tulikuwa na fulana tu.

Hapo wanakijiji wakafika. Wanawake hamsini, sitini, na ndoo na vikapu, wakitawanyika katikati ya zoezi letu wakiokota na kucheka. Na kikosi chetu, Mungu atusamehe, kikainama. Nusu ya wenzangu walikuwa wameshika senene badala ya majeruhi. Kapteni alitazama saa, na usoni mwake niliona mtu aliyeshinda bila kutaka kushinda kwa namna ile.

"Wafukuzeni," Sajenti alinong'ona kwa meno yaliyobana. "Mtu awafukuze hawa. Mtu apige filimbi!"

Aliyejitokeza hakupiga filimbi. Alikuwa Kokuberwa. Alisimama juu ya jiwe, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilifumba macho kwa aibu, kisha akasema na wale wanawake kwa Kihaya cha heshima, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba moto kwa jirani.

"Kina mama, waitu, tuna majeruhi kumi na hatuna machela. Tunaomba khanga zenu na mikono yenu mpaka barabarani. Tukimaliza, sisi wote tutarudi tuwaokotee mpaka ndoo zijae."

"Wote?" akauliza mama mmoja, Consolata, anayejulikana sokoni kwa kutopunguza bei.

"Wote. Na hawa waliojaza vifuko vyao wataanza kwa kuvimwaga kwenye ndoo zenu."

Kicheko kikapita juu ya rweya. Vifuko vikamwagwa, nilisikia wanaume wazima wakiguna. Kisha khanga zikaanza kufunguliwa, miti ikakatwa, na watu wakapangwa wanne wanne, mgambo wawili na wanawake wawili.

"Anakosea," Sajenti akaninong'oneza. "Anaingiza raia kwenye zoezi. Mwijage, msichana anakosea, mwambie!"

"Afande," nikasema, na sikumbuki utamu mwingine kama ule, "umekufa."

Akauma mdomo. Senene mmoja alikuwa anatembea kwenye shavu lake na hakumfukuza. Nilimtazama nikaona macho yamejaa machozi, na hapo utani wangu uliniisha. Mtu yule alikuwa amebeba kosa la Rwamishenye miaka yote, na sasa aliona kazi yake yote iko mikononi mwa binti ambaye yeye mwenyewe alimliza, naye haruhusiwi hata kukohoa.

Majeruhi tisa wakashuka. Wa kumi alikuwa Derick, mchinjaji wa nyama, mtu wa kilo mia moja na ushee. Khanga ya kwanza ilichanika, ya pili ikachanika. Ilibaki robo saa. Kokuberwa akatazama huku na huku, akaja moja kwa moja mahali tulipolala. Sajenti alimwangalia kwa matumaini, nadhani alitegemea kuulizwa jambo. Binti hakumuuliza. Aliwageukia wenzake wawili waliomfuata.

"Huyu ameshakufa. Mvueni koti, tunalihitaji."

Wakasita. Mimi mwenyewe nilisita, na mimi nilikuwa maiti.

"Mvueni," akarudia.

Wakamvua. Walimgeuza huku na huku wakatoa mikono yake kwenye koti lile lenye alama za cheo, naye akalegea kama alivyotufundisha maiti inavyolegea. Lakini machela ya makoti inataka makoti mawili. Kokuberwa akaenda mpaka kwa Kapteni Nathanael, akasimama wima.

"Afande, naomba koti lako."

"Mimi ni mkaguzi. Simo kwenye zoezi."

"Ndiyo, Afande. Majeruhi yuko pale."

Hakuondoka. Kapteni alimtazama, akamtazama Derick kule kwenye mawe, akatazama saa yake. Kisha akafungua vifungo. Wakapitisha miti miwili ndani ya mikono ya makoti yote mawili, wakamlaza Derick juu ya vyeo vya watu, wakashuka naye wakikimbia, na Consolata mbele akiwaonyesha njia ya mkato ya mashambani.

Wanawake waliobaki wakawafuata kutazama. Tulikuwa watu watano tu pale juu, wanne maiti, na Kapteni amesimama na shati lake anatetemeka. Saa mbili kasoro dakika nne, filimbi ikalia kutoka barabarani, ndefu, ya kumaliza kazi. Philbert akaruka juu akashangilia. Lilian akakumbatiana naye. Mimi nikaketi, nikapangusa senene kichwani.

Sajenti Vestina hakuinuka.

Kapteni akamsogelea. "Amekuvua koti, hata kukuuliza hakukuuliza."

"Angeniuliza, Afande, ningemfelisha mimi mwenyewe."

Kapteni akanyoosha mkono kumsaidia. "Inuka, Sajenti. Zoezi limekwisha. Mwakani utafundisha."

Mama yule akautazama ule mkono, asiushike.

"Asante, Afande," akasema, "lakini kiongozi wangu hajaniruhusu."

Akaendelea kulala, mgongo kwenye umande, mpaka Kokuberwa alipopanda kilima kumchukua.