Nyumba Iliyo Nyuma ya Msikiti

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri makosa ya waja wake, aliyeniruzuku kazi na leo mapumziko.

Siku yangu ya kwanza katika baladia, yaani ofisi ya manispaa ya kijiji chetu nje ya Maskati, nilikabidhiwa daftari la viwanja. Mudiri, mkuu wetu, alinielekeza: "Hapa hatuna nambari. Zunguka mpaka wa kiwanja na majirani wawili. Wakikubaliana, andika." Tulianzia msikitini, maana kila mtu aliujua: mbele ya msikiti, nyuma ya msikiti, nyumba ya tatu kutoka mihrabu.

Nilitumikia wakuu watatu kwa mtindo huo. Msikiti ulipotuwia mdogo, tukajenga mwingine karibu na wadi, bonde la maji ya mvua, na wa zamani ukabomolewa. Hakuna aliyekumbuka kusahihisha daftari, hata mimi niliyelishika.

Kisha baladia yetu ikaunganishwa na ya mji. Kibao kikashushwa, mafaili yakapakiwa kwenye pikapu, nami nikahamishwa pamoja nayo. Haukupita muda, Mkuu wa Upimaji akaniita. Bi Zuwena, mjane wa kijijini kwetu, alikuwa ameomba mulkia, hati ya kumiliki nyumba.

"Ustadh, kwa daftari lenu bibi huyu anakaa ndani ya wadi. Nyuma ya msikiti pana mawe na mbuzi tu. Bila ushahidi, nyumba yake haina idhini. Itavunjwa."

Ningeweza kusema karatasi zilipotea tulipohama. Nikasema, "Kosa langu. Msikiti ulihama, daftari halikuhama."

"Basi nipe ushahidi wa maandishi."

Nilikwenda kwa Bi Zuwena kumweleza. Alinipokea kwa kahawa na maneno.

"Salum! Umenitia majini na uzee huu?"

"Nisamehe, bibi."

"Nshakusamehe. Nitoe sasa. Mwanangu anakaa mtaa wa Hail mjini, ghorofa ya nne. Kuku wangu n'tawafuga kwenye lifti?" Akatazama kizingiti. "Na yale maji ya udhu yalivyokuwa yakiingia hapa mlangoni! Nimewaandikia mara ngapi?"

Nikaacha kikombe, nikarudi mjini. Ndani ya faili la malalamiko nilizikuta barua zake saba, zote zina muhuri wetu. Kila moja ilisema kwamba maji ya kutawadhia yanatoka msikitini, yanapita hatua kumi, yanaingia mlangoni kwake. Juu ya kila moja Mudiri aliandika: Ihifadhiwe. Nami nilizihifadhi, zaidi ya hapo hatukufanya kitu.

Mkuu wa Upimaji alizisoma, akaenda kupima hatua kumi kutoka palipokuwa msikiti wa zamani, akatia saini.

Nilipompelekea Bi Zuwena mulkia yake, nilimweleza kilichomwokoa. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio.

"Kumbe mlikuwa mkizisoma!"

"Hii ndiyo mara ya kwanza, bibi."

Sasa nimestaafu. Katika kazi zangu zote, ile niliyoifanya kwa uzembe ndiyo Mola aliyoifanyia kheri, na hilo linanitosha kunyenyekea. Ewe msomaji, Mungu akuthibitishie makazi yako hapa duniani na kesho peponi, na akujaalie anayesoma barua zako mapema. Amin.