Ubao wa Mpiga Debe

Mpiga debe wa magari ya Maswa, stendi ya Bariadi, ana sauti ya kukwaruza na ubao mpana ambao hamwazimi mtu. Huukalia akinywa uji, huupigapiga akiita abiria, na kiti mwendo kikitokea huutegesha mlangoni kabla hajaombwa. Leo kilipotokea kimoja, dereva mgeni alipiga honi.

"Mbebeni huyo mama, tunachelewa!"

"Mwangaluka, bosi," mpiga debe akamsalimia, akaukanyaga ukingo wa ubao kwa miguu yote miwili usiteleze.

Mama mwenyewe, Milembe, akajisukuma taratibu mpaka ndani, akapiga simu nyumbani. Zamani, walipokuwa wakimbeba mzobemzobe, alikuwa akisema, "Wameshanipakia," na mpiga debe alikuwa akisikia. Sasa alitega sikio.

"Nimeshapanda," akasema Milembe.

Ndipo mpiga debe akauinua ubao. "Maswa, twende!"