Pampu ya Gesi Nyuma ya Pazia

Nichekeni tu, maana hata mimi najicheka tangu juzi. Nilialikwa kwenye ukumbi mmoja hapa Ipagala kuzungumza na wenye pumu wenzangu kuhusu mazingira. Nikawaeleza kwamba gesi inayosukuma dawa katika baadhi ya pampu zetu huchangia kuongeza joto duniani, na kwamba zipo pampu za unga zisizo na gesi hiyo.

"Msiache dawa zenu," nikasisitiza. "Muulizeni daktari kama ya unga itawafaa."

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini makofi yalinilevya, nikachomekea uongo: "Mimi mwenyewe ya gesi nilishaisahau!"

Haukupita muda, upepo wa Dodoma ukaingiza vumbi madirishani. Kifua kikanibana, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Nikaaga kwamba naenda kunywa maji, nikajibanza nyuma ya pazia la jukwaa, nikachomoa mkobani pampu yangu ya gesi na kuvuta mara mbili. Nilipopata nafuu nikajisemea, "Afadhali hawajaniona."

Niliporudi, ukumbi mzima ulinikodolea macho. Bibi mmoja aliyeketi mbele akanitazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Kifua kimefunguka?"

"Kifua kipo salama, bibi. Nilikunywa maji tu."

"Maji gani yanalia psss? Hicho kipaza sauti kolani mwako hukukizima. Tumesikia psss, tena psss, halafu 'Afadhali hawajaniona.'"