Maji ya Walio Chini

Mwaka ule mvua ya masika ilipotukimbia, nilikuwa karani katika ofisi ya maji, na kazi yangu ilikuwa kuandika namba ubaoni. Usicheke. Kila asubuhi mlinzi wa bwawa alisoma kipimo kilichosimikwa majini, akanitajia kwa redio ya kazi, nami nikaandika kwa chaki. Mkubwa wetu alitoka na kikombe chake cha chai, akatazama ubao, akaguna, akarudi ndani. Basi. Lakini namba zilipoanza kushuka, nilikuwa wa kwanza kufika ofisini, nikaisubiri redio.

Ubao ule ulikuwa na mstari mwekundu. Maji yakiwa juu ya mstari, lango dogo la bwawa liliachwa wazi kidogo ili mto uendelee kuwafikia watu wa bondeni. Ofisini tuliyaita maji ya walio chini. Yakishuka chini ya mstari, lango linafungwa: mji unywe kwanza, wale wengine wangoje mvua. Ningeiona sheria ya haki kabisa kama mama yangu hangekuwa mmoja wa hao wengine. Mto ule ulipita kando ya shamba lake kule Ukambani, na ng'ombe wake wa pekee alikunywa humo. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyonisomesha hadi nikajua kuandika namba.

Siku moja mkubwa alituita. Wiki ijayo, alisema, tutaanza kugawa maji polepole, mtaa huu leo, ule kesho, ili bwawa libaki juu ya mstari mpaka mvua ije.

"Na hili lisitoke mlangoni," akaonya. "Watu wakisikia, watajaza hata viatu."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa nilijua mpango ule ungemwachia mama mto wake.

Jioni nikamkuta jirani wa mlango wa pili kwenye mfereji wa bomba wa mtaa, akifua nepi za wajukuu wake mapacha. Mama huyu aliuza mitumba katika soko la Gikomba, na ndiye aliyenifundisha kuwasha jiko la mafuta nilipokuja Nairobi sijui hili wala lile. Huruma ikanishika.

"Mama, jaza vyombo leo," nikamnong'oneza. "Wiki ijayo mfereji huu utatuletea maringo."

"Kuna nini?"

"Wewe jaza tu. Na usimwambie mtu."

Ala! Kumwambia mama wa Gikomba asimwambie mtu! Akili yangu ilikuwa wapi? Kufikia kesho yake mchana, neno lilikuwa limepita Gikomba, likazunguka Kariokor, likarudi kwetu kwa njia ya Jogoo Road likiwa limeota mapembe: bwawa limekauka, maji hayatarudi mpaka Krismasi. Watu walijaza mapipa, sufuria, karai, chupa za soda, hata beseni la kuogeshea mtoto. Mifereji haikufungwa siku tatu. Mimi pia nilijaza pipa, nisije nikaulizwa mbona nimetulia.

Siku ya nne mlinzi wa bwawa alinitajia namba mara mbili.

"Umenisikia, dada?"

Nilikuwa nimemsikia. Niliandika namba chini ya mstari mwekundu kwa mkono wangu huu, na chaki ikanivunjikia.

"Maji haya yote yameenda wapi?" mkubwa akauliza, akatutazama mmoja mmoja. Nilitazama viatu vyangu. Akashika redio, akaamuru lango dogo lifungwe.

Niliogopa, huo ndio ukweli. Niliogopa kufutwa kazi, na niliogopa zaidi kumwandikia mama. Ningemwambia nini? Kila siku nikitoka kazini nilitafuta wingu juu ya mtaa wetu wa Makadara. Lilikuja, likapita, nami nikaingia ndani.

Baada ya majuma kadhaa, Jumamosi asubuhi, mama akaja kwa basi, midomo imempasuka. Alikaa kitandani pangu akanieleza taratibu. Mto ulikatika ghafla. Walichimba mchanga wakapata maji ya kikombe kimoja, wakachimba tena wakapata tope. Ng'ombe alianguka Jumanne, hakuinuka. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.

Tukiwa bado tumekaa, tukasikia maji yakimwagwa nje. Mama aliruka akanyakua karai langu.

"Woi! Msiyamwage!"

Alikuwa jirani yangu, ameinamisha pipa lake mtaroni. Mgao haukuwa mkali, mfereji ulitoka siku moja na kupumzika siku moja, na akiba yake ilikaa mpaka ikaingia viluwiluwi vya mbu.

"Haya yameharibika, mama, acha yaende," akasema, akimshika mkono kwa furaha. "Kumbe wewe ndiye mama yake! Umezaa, haki ya Mungu. Ni huyu binti yako aliyetuonya mapema. Tulijaza mtaa mzima!"

Mama akanigeukia na karai mkononi. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Mbona mimi hukuniandikia?" akauliza. "Mtungi ninao mmoja tu, lakini ningeujaza."

Nilichukua karai, nikapiga magoti kando ya mtaro, nikakinga yaliyobaki.